Rangi ya mpira ya kubandua: tatizo liko chini yake

Fundi alipitisha kucha kwenye ukingo wa kifuniko cha kioo cha pembeni cha Toyota IST, akapata pa kushikia, akavuta taratibu. Utando mweusi wa rangi ya mpira ukatoka mzima, ukajikunja kiganjani kama utando wa maziwa yaliyopoa. Chini yake rangi ya fedha ya kiwandani haikuwa na hata mchubuko. Akahamia kwenye bampa. Huko mpira ulikuwa umepulizwa kwa kubania. Ukakatika vipande vidogo vidogo kama makombo ya ufutio, na mahali pamoja ukaondoka na rangi yenyewe, puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya kupaka rangi, ikabaki nje.

Gari ni lilelile, na mpira ni uleule. Tofauti ilikuwa unene wake na rangi iliyokuwa chini, na hayo mawili ndiyo yanayosahaulika watu wanapobishana kuhusu rangi hizi.

Jina linalojulikana zaidi ni Plasti Dip, kutoka Minnesota, Marekani, iliyoanza mwaka 1972 na mpira wa majimaji wa kuchovyea mishiko ya zana kama koleo. Baadaye watu wakaupuliza kwenye rimu, kisha gari zima. Kimiminika chake kikishageuka mvuke, mpira unabaki umeshikilia juu juu, haujaingia ndani ya rangi.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Kubadili rangi kwa njia ya kawaida kunaanza na msasa, na msasa ukishapita, rangi ya kiwandani hairudi tena. Hapa hukwangui kitu. Vijiwe vinavyorushwa na malori vinagonga mpira kwanza. Kwa rimu na shoo ya mbele (ile grili), makopo machache na jioni moja vinatosha, na ukikosea unavuta na kuanza upya. Kwenye rimu sina ubishi kabisa.

Gari zima ni habari nyingine. Ili mpira uje kubanduka vizuri, unahitaji tabaka tano au zaidi, mahali pasipo vumbi wala upepo, ilhali gereji nyingi za mitaani kwetu ni mwembe na turubai. Mvuke wake unashika moto upesi, na jirani wa fundi rangi mara nyingi ni mchomeleaji. Barakoa ya kitambaa haiuzuii. Inatakiwa ile yenye chujio la kemikali, na ninaumia kuona vijana wakipuliza kutwa nzima wakiwa wamefunga leso tu. Petroli nayo ni adui: ikimwagika wakati wa kujaza tangi, mpira unalainika na kuacha doa. Huhesabiwa kudumu miaka mitatu hivi, lakini gari linaloshinda juani Dar es Salaam haliwezi kutarajia sawa na linalolala bandani. Ukishakauka kupita kiasi haubanduki tena, unakwanguliwa.

Linalonisumbua zaidi ni nani anayeutaka. Mpira huu unalifaa gari lenye rangi nzima, ambalo mwenyewe anataka kulitunza. Wengi ninaowasikia wakiuulizia ni wale ambao rangi yao imepauka na kuanza kuchanika, au bodi yao imeshanyooshwa na kupakwa upya. Hao ndio watakaobandua mpira na rangi pamoja. Tena weusi usiong'aa unafunika vizuri mno: mlango uliopishana rangi na boneti hauonekani tena, na mnunuzi wa gari lililotumika analipa bei ya gari lisilowahi kugongwa.

Halafu kuna karatasi. Kadi ya gari Tanzania na logibuku ya Kenya zote zinaandika rangi. Uingereza sheria inamtaka mwenye gari aiarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, rangi ikibadilika. Kwamba rangi yako inabanduka hakumsaidii trafiki anayeangalia gari jeusi huku kadi inasema fedha.

Nikikuta gari la mpira linauzwa, naomba nibandue kidogo kwenye ukingo wa chini wa bampa na kona ya ndani ya mlango. Muuzaji akikataa, naondoka.

Mwenye ile IST alikubali bampa lipigwe msasa na rangi ya kawaida, inayofanana na ya kiwandani. Bodi iliyobaki akataka ipulizwe mpira tena, tabaka saba safari hii, na kabla ya kuanza akaenda kumwomba mchomeleaji azime mashine.