Na Mshika Fimbo Naye Apewe Medali

Mbukwenyi!

Natanguliza salamu ya kwetu Ugogo kwa sababu ninachotaka kusema kitaonekana cha ugenini. Theluji mimi nimeiona kwenye friji tu, ile ya kukwangua kwa kijiko. Nimezaliwa Kongwa, nimekulia kwenye upepo na vumbi, na sasa naishi Dodoma mjini ambako vumbi ni lilelile, ila limeongezewa lami. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa sasa, kila nikipata bando la kutosha naangalia wanawake wasioona wakishuka milima ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni. Mume wangu anasema nimerogwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mteremko umesimikwa nguzo zinazofanya milango, na lazima upite kila mlango. Ukiruka mmoja, umetolewa. Asiyeona anatanguliwa na kiongozi wake, naye yuko kwenye skii vilevile, mita chache mbele, amevaa fulana ya rangi kali. Hawashikani mikono wala hakuna kamba. Kinachowaunganisha ni redio ndogo zilizo ndani ya kofia ngumu, na sauti. Kwenye zile mbio za kushuka moja kwa moja wanapita kilomita 100 kwa saa. Basi la kutoka hapa kwenda Morogoro likizidisha 80 tu, trafiki wanalisimamisha.

Kwa kuwa macho hayalingani, muda wa kila mshindani huzidishwa kwa namba iliyopangwa kulingana na kiwango chake cha kuona. Asiyeona kabisa huvalishwa miwani iliyozibwa, ili pasiwe na ubishi.

Wapo pia wanaoshindana wakiwa wamesimama, na wanaokaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya skii moja. Lauren Woolstencroft wa Kanada, aliyezaliwa bila miguu chini ya magoti na bila mkono wa kushoto chini ya kiwiko, alibeba dhahabu 5 kwenye Paralimpiki, ile michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, kule Vancouver mwaka 2010, na kazi yake ni uhandisi wa umeme. Huyo anastahili makala yake peke yake. Leo nina shughuli na wale wanaoteleza wawili wawili.

Tarehe 10 Machi 2014, Sochi nchini Urusi, Kelly Gallagher wa Ireland Kaskazini na kiongozi wake Charlotte Evans walishinda supa-ji, aina mojawapo ya mbio hizi za kasi zenye milango, wakaipatia Uingereza dhahabu yake ya kwanza kabisa katika Paralimpiki za majira ya baridi. Siku mbili kabla walikuwa wameboronga. Nimezirudia mbio hizo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nilichelewa kujua jambo moja: Gallagher ana ualbino.

Sisi tukisikia ualbino tunafikiria ngozi, kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua, au tunakumbuka yale mauaji yaliyotutia aibu mbele ya dunia. Macho hatuyataji. Nilisoma darasa moja na binti mwenye ualbino. Alikuwa anaandika kwa kuchungulia daftari langu kwa sababu ubaoni hakuona kitu, na mwalimu mmoja alimwita mvivu wa kufikiri mpaka akazoea kuitwa hivyo. Aliacha shule tukiwa darasa la sita. Sidai kwamba angekuwa bingwa wa skii. Nasema tu kwamba uoni hafifu wa aina ileile, mahali pengine, ulitafutiwa mtu wa kukaa mbele na kusema "kushoto, kulia".

Na mtu huyo hakuitwa msamaria mwema. Siku ile Sochi zilitoka dhahabu mbili, moja ya Gallagher na moja ya Evans. Ndiyo kanuni. Henrieta Farkašová wa Slovakia, aliyezoa dhahabu 4 Pyeongchang mwaka 2018, alipanda jukwaani na Natália Šubrtová, kila mmoja na yake shingoni. Jennifer Kehoe, aliyemwongoza Menna Fitzpatrick kwenye michezo hiyohiyo hadi dhahabu ya slalomu, zile mbio za kona nyingi za karibu karibu, alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Kiongozi anafanya mazoezi kama mwanamichezo, anaanguka kama mwanamichezo, na akikosea wanakosa wote.

Sasa turudi Kongwa.

Bibi yangu mzaa mama alipofuka kwa vikope, ambao hospitali wanauita trakoma. Wenyeji wa huku hawahitaji maelezo: nzi, maji ya shida, macho ya watoto yenye matongo, ugonjwa unarudi na kurudi mpaka kope zinageukia ndani na kukwangua jicho kila ukipepesa. Wanawake waliumia zaidi kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto. Bibi alikuwa na kibano chake cha kung'olea kope, amekifunga kwenye pindo la khanga. Kilimsaidia miaka kadhaa, halafu hakikumsaidia tena.

Kuanzia darasa la pili mpaka la tano mimi ndiye niliyeshika ncha ya mbele ya fimbo yake. Kisimani, kanisani, mnadani, msibani. Kaka zangu wawili hawakuwahi kuombwa, maana kazi hiyo ilikuwa ya mtoto wa kike na hakuna aliyehitaji kulisema hilo.

Ilikuwa kazi ya ufundi, jamani. Bibi alinifunza kwamba kusema "jiwe" mtu akishajikwaa ni kumcheka. Ulitakiwa kuliona jiwe hatua tatu kabla, ulitaje kwa neno moja, halafu unyamaze. Nikiongea sana alinikemea: "Unanijazia masikio, sisikii njia." Nikiharakisha aliivuta fimbo. Nilipowasikia viongozi wa skii wakitoa amri fupi fupi kabla ya kona, nilimkumbuka yeye nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Malipo yangu yalikuwa ubuyu, na siku za mnada karanga. Shuleni malipo yalikuwa viboko vya kuchelewa. Darasa la nne nililirudia.

Najua mtakachoniambia. Kumsaidia bibi ni baraka, unataka watoto walipwe kwa kuwapenda wazee wao? Swali hilo linanisumbua kweli, maana ule ubuyu nisingeubadilisha kwa pesa. Lakini angalieni baraka hizo zinaangukia kwa nani. Zinaangukia kwa binti wa miaka minane ambaye mahudhurio yake yanapungua, na hakuna anayeandika kwenye rejista kwa nini hayupo. Kazi tukiiita huruma, hatutaitafutia muda, wala mafunzo, wala mtu wa zamu ya pili. Tukiiita kazi, angalau mwalimu mkuu atauliza: leo nani anamwongoza bibi ili huyu aje darasani?

Na msiniambie mambo ya theluji ni ya wazungu. Tofiri Kibuuka, Mganda asiyeona, alishindana kwenye skii ya masafa marefu katika Paralimpiki za kwanza za baridi, Örnsköldsvik, Uswidi, mwaka 1976. Hata hivyo sijaja kuwauzia skii. Kwenye riadha, mkimbiaji asiyeona huunganishwa na kiongozi wake kwa kamba fupi mikononi, na huko nako kiongozi wa mshindi huvishwa medali. Kwa mazoezi yetu ya jioni kamba ya kiatu inatosha. Uwanja tunao, jua tunalo mpaka tunalikimbia, na Buigiri, pale Chamwino, kuna shule ya watoto wasioona ambayo wengi wetu tunaipita ndani ya basi tukiwa tumesinzia.

Ninachokitaka ni kidogo. Kwenye riadha maalumu ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi Tanzania, na kwenye kila bonanza la kata, aliyekimbia na asiyeona atangazwe kwa jina lake, apewe cheti, apewe medali. Mtoto akirudi nyumbani na kitu shingoni, baba yake ataanza kuiona ile fimbo kwa jicho lingine. Pengine na kaka zake wataitaka.

Mwezi ujao kata yetu ina bonanza la shule za msingi, na mbio za wasioona za mita 100 zimo. Nilijitolea kununua medali zake, nikaenda kwa kijana mmoja sokoni Majengo anayeuza vikombe na jezi. Nikamwambia nataka dhahabu mbili, fedha mbili, shaba mbili.

"Mama, hizi ni za mbio ngapi?"

"Moja."

Akaniangalia. "Kwani wameshalingana kabla hawajakimbia?"

Nikakaa kwenye stuli yake nikaanza kumweleza, kuanzia Sochi. Mwisho alinipunguzia shilingi elfu mbili, nafikiri ili niondoke.