Kazi ya masjala si adhabu

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na bado ukizunguka maofisi ya hapa Mombasa, Nkrumah Road mpaka Shimanzi, mtu akikosana na bosi ndo anapelekwa masjala. Chumba cha nyuma, feni mbovu, mafaili yamejaa vumbi, na kila mtu anajua huyo ameadhibiwa. Hiyo tabia inaniuma sana, maanake kazi yangu ndo hiyo, kutunza taarifa za ofisi na kuhakikisha anachokijua mmoja kinawafikia wenzake.

Tuchukue hizi ofisi za klaring na fowadi, zinazowatolea watu mizigo bandarini, kwa sababu mji huu unakula bandari. Mzigo ukija Kilindini lazima kila bidhaa ipewe nambari yake ya HS, ile ya kuonyesha ni bidhaa ya aina gani, na ukikosea nambari ushuru unabadilika, maswali yanaanza, kontena linakaa, siku za bure zikiisha bandari inataka storeji na kampuni ya meli inataka demareji, faini ya kuchelewesha kontena lake, na zote zinamwangukia mteja. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia ushuru mpya wa pamoja, kukaongezwa kiwango cha asilimia 35. Jedwali lenyewe kila ofisi ililipata, ni lile lile. Lakini jedwali halikwambii karatasi ipi umuombe mteja mapema kabla meli haijatia nanga, wala nani huandika "spea" kwenye invoisi kumbe ndani mna betri na matairi. Hayo anayajua mzee mmoja pale kwenye meza ya pembeni, alianza kazi kabla KRA, mamlaka ya kodi, haijaleta Simba, sistemu ya forodha ya kompyuta, mwaka 2005, akaenda nayo mpaka mwisho, saa hii yuko kwa iCMS iliyochukua nafasi yake. Akistaafu anapikiwa biriani, anapewa saa ya ukutani, hotuba mbili tatu, basi. Wiki inayofuata vijana washaanza kupiga simu, mzee asalaam aleikum, ule mzigo wa yule mteja wa Kongo tulikuwa tukiufanyaje? Anawajibu kwa sababu ana roho nzuri. Na asiposhika simu je?

Mwaka 1966 mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika kwamba mtu anajua mengi kuliko anayoweza kuyasema, na mwaka 1995 wasomi wa Kijapani Nonaka na Takeuchi wakaonyesha vipi kampuni za Japani zinautoa huo ujuzi wa kichwani ukawa wa wote. Ukimwambia mzee wa klaring "andika unachokijua" atakuandikia nusu ukurasa, tena yale ambayo kila mtu anayajua. Inabidi ukae naye akifanya kazi. Anashika pakingi list ya taulo, anasoma, ghafla anarudi juu. Unamuuliza, mzee mbona umerudi? "Hebu tazama uzito huo mwanangu, taulo gani hizo zina uzito wa vigae?" Hapo ndo pa kuandika, palepale, nini kilimshtua, alimuuliza mteja swali gani, ikaishia vipi, na tarehe, maanake sheria hubadilika na maelezo ya zamani yasiyo na tarehe ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Mabosi wengi wanaruka hiyo hatua wananunua sistemu ya kompyuta. Pesa nyingi, kila mtu anatupia PDF zake humo, miezi sita baadaye hakuna anayeifungua na watu washarudi kwa grupu ya WhatsApp. Kwenye hiyo grupu ndo mna picha za vitambulisho na PIN za kodi za wateja, na sheria ya ulinzi wa data ipo tangu 2019, lakini nani anajali mpaka simu ya mtu iibiwe Likoni feri.

Serikalini ni vilevile. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Sasa faili itatafutwa na nani kama si huyo mliyemfungia chumba cha nyuma?

Vijana mnaosomea mambo ya maktaba na taarifa, iwe Moi kule Eldoret ama kwengine, msiione hii kazi ni ya kupanga mafaili tu, kuna hadi kiwango cha kimataifa, ISO 30401 cha mwaka 2018, cha kusimamia ujuzi kazini. Ila jifunzeni na biashara yenyewe. Ukija ofisi ya klaring hujui manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, ni nini, mzee hatakwambia kitu, na ana haki.

Na nyinyi wenye kampuni, huyu mtu wa masjala mpeni kiti kwenye mkutano wa opereshen, alipwe kama mnavyomlipa mhasibu. Mzee aanze kukaa na vijana mwaka mzima kabla ya kustaafu, na hayo masaa alipwe, asiambiwe ni ya kujitolea, kwa sababu ujuzi wake ndo umewaletea nyinyi wateja miaka yote hiyo.