Mimba ya Kwanza Nikiwa na Miaka 41, na Kwa Nini Sikupaswa Kuificha

Siku yangu ya kwanza kliniki, nesi aliyekuwa akipanga kadi aliniangalia, akamwangalia binti aliyekaa pembeni yangu kwenye benchi, akaniuliza, "Mama, umemsindikiza mwanao?" Yule binti hata simjui. Alikuwa na miaka kama 19 hivi, na matumbo yetu yalikuwa yanalingana. Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba mjamzito ni mimi. Benchi zima likanyamaza.

Nilikuwa na miaka 41, mimba ya kwanza, wiki ya 22. Watu wengi wakisikia habari yangu hushika hiyo 41. Mimi nataka tuiongelee hiyo 22.

Miezi mitano nilikaa bila kupimwa chochote. Haikuwa pesa, wala haikuwa umbali. Nilikuwa naficha. Katika miaka saba ya ndoa nilishasikia kila neno: mgumba huyo, kamaliza kizazi kwa vidonge, kazi imemtia kiburi. (Mume wangu hakuulizwa na mtu hata siku moja, ingawa kutopata mtoto kunaweza kutokana na mume au mke.) Mimba iliposhika, mama mkwe alikuja kutoka Tanga na akanishika mikono kwa mapenzi kabisa. "Mwanangu, lifunike. Macho ya watu si mazuri." Nikalifunika. Dera pana, kanga juu yake, na kliniki nikaikwepa, kwa sababu kwenye kliniki ya mtaani ndiko majirani wanakokutana.

Siku hiyo nilipopimwa presha ilikuwa 150/100. Wakanikalisha kama robo saa, wakapima tena, ikagoma kushuka. Daktari hakunisema vibaya. Alinieleza taratibu kwamba mimba ya kwanza peke yake huongeza uwezekano wa presha ya ujauzito na kifafa cha mimba, na kufika miaka 40 nako huongeza. Mama mwenye vyote viwili ni wa kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 kwa siku, ianze kabla ya wiki ya 20. Mimi nilikuwa nimepitiliza wiki mbili. Dawa yenyewe ni ya bei ya chini kabisa, inauzwa kila duka la dawa, na huenda ingenisaidia. Sikuipata kwa sababu niliogopa macho ya jirani.

Tangu hapo nina ugomvi na makundi mawili. La kwanza ni la wenye kejeli, wale wa "utazaa mjukuu". La pili ni la wafariji, na hawa nawapenda, ila nao wananikera: "Umri ni namba tu, shoga, Mungu ndiye mpangaji." Kupanga anapanga. Lakini mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na nikiwa na miaka 41 na mayai yangu yana miaka 41. Ndiyo maana mimba za umri huu hutoka mara nyingi zaidi. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down, yaani kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, ambao kwa mama wa miaka 25 ni kama mmoja kati ya 1,250, kwa mama wa miaka 40 unafika takriban mmoja kati ya 100. Basi niambieni hivyo, na mniambie na nusu ya pili, kwamba wale 99 waliobaki hawana hali hiyo. Mwanamke mzima anayeendesha nyumba na kulipa kodi anaweza kubeba hesabu hiyo. Akinyimwa, atabaki na hofu tupu, na hofu ndiyo iliyonikalisha nyumbani.

Kwenye kadi ya kliniki kuna sehemu ya vidokezo vya hatari, na mimba ya kwanza baada ya miaka 35 imo. Nesi aliweka alama ya vema pale, akageuza ukurasa. Naelewa, foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Lakini ile vema ilihitaji maneno mawili matatu: tutakupima presha na mkojo kila ukija, ukiumwa kichwa sana au ukiona vimulimuli machoni usisubiri tarehe yako, njoo.

Wiki ya 37, alfajiri, pete ya ndoa ilikataa kutoka kidoleni hata kwa sabuni. Uso umevimba, kichwa kinagonga. Hospitali walinichoma magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, na joto likanipanda kutoka mgongoni hadi usoni kama niliyeinamia sufuria la wali. Wakanipasua mchana ule. Binti, kilo 2.4, akalia kabla hawajamaliza kumfuta.

Nilidhani nimevuka. Kumbe hata baada ya kujifungua kifafa kinaweza kumpata mzazi, hivyo ndani ya arobaini yangu nzima, kati ya uji wa pilipili manga na kukandwa, nilikuwa napimwa presha. Na aliyenikumbusha kila asubuhi ni mama mkwe yule yule. Alinunua kipimo kwa pesa yake, akajifunza kukifunga mkononi, na namba anaziandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Hajawahi kusema alikosea, wala sijamdai. Alinishauri kwa alichokijua.

Wiki mbili zilizopita mfanyakazi mwenzangu, ana miaka 39, alinivuta jikoni pa ofisi akaninong'oneza. Ana mimba ya miezi mitatu. Hajamwambia mtu, hata dada yake. Sikumwuliza kwa nini. Nilimwuliza kama ameshapima presha, akatikisa kichwa. Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa kwenye benchi la kliniki, amejifunga kanga yake kawaida tu, na nesi alipouliza nani mjamzito kati yetu, aliinua mkono.