Adapta ya buluu, mwendo wa kobe

Kuna hizi adapta za SATA kwenda USB (za kuunganisha diski ya kompyuta na tundu la USB) zilizopakwa buluu mdomoni. Buluu maana yake USB 3.0, gigabiti 5 kwa sekunde. Ichomeke kwenye Linux, andika lsusb -t (amri ya kuonyesha vifaa vya USB na kasi zake), unakutana na 480M, yaani megabiti 480 kwa sekunde: USB 2.0 iliyovaa kanzu ya Idi. (Kabla hujatukana, chomoa uchomeke tena kwa haraka; ukisukuma polepole, pini za 2.0 hugusa kwanza na kompyuta huweza kuishia hapo hapo.)

Halafu muuzaji anakupimia kwa faili la MB 200! Hilo linamezwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kabla ya kufika kwenye diski, ndiyo maana "linapaa". Kompyuta ya RAM GB 8 ipe faili la GB 20, uangalie kasi ya dakika ya tano. Ikiganda kwenye MB 35 au 40 kwa sekunde, mwendo wa USB 2.0, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha ondoa diski salama, irudishe, linganisha sha256sum (kama alama ya kidole ya faili) ya faili la kwenye kompyuta na la kwenye diski.

Diski ikilia tk-tk-tk na kupotea katikati ya kunakili, shuku umeme kwanza. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na diski ya inchi 3.5 inadai volti 12 ambazo USB ya kawaida haina. Eti sandukuni wameandika "inakubali diski zote", chaja yake hamna.