Altgeld na hati iliyomponza

Juni 26, 1893, Gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, aliwatoa gerezani Samuel Fielden, Oscar Neebe na Michael Schwab. Hao ndio waliobaki hai kati ya wanane waliotiwa hatiani kwa bomu lililorushwa kwenye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago, Mei 4, 1886, likaua polisi. Wanne walinyongwa mwaka 1887, mmoja akajiua mahabusu. Aliyelirusha hajulikani mpaka leo.

Wengi wanaomlaumu Altgeld hawana ugomvi na uamuzi wenyewe. Maelfu walikwisha kutia saini kuwaombea watatu hao, matajiri wa Chicago wakiwamo. Angesema tu kwamba kifungo walichotumikia kinatosha, yangeisha. Badala yake akatoa hati ndefu na kumshutumu kwa jina Jaji Joseph Gary, aliyesikiliza kesi hiyo. Magazeti yakamshukia, yakamkumbusha hata kuzaliwa kwake Ujerumani. Mwaka 1896 akaangushwa kwenye uchaguzi, na walioumia ni wengi: Florence Kelley, aliyemteua kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, mwanamke aliyekuwa akipambana na ajira za watoto, aliondolewa na gavana aliyefuata.

Hasara hiyo siidharau. Watoto wa viwandani hawakuwa na mtetezi mwingine wa kiwango chake.

Lakini tuiangalie hati yenyewe. Altgeld anaanza kwa kusema kwamba kama watu hawa walihukumiwa kwa haki na hatia yao ipo, gavana hana sababu ya kuingilia. Kisha anaonyesha baraza la wazee wa mahakama lilivyopatikana. Majina hayakutolewa kisandukuni kwa bahati nasibu. Aliteuliwa ofisa maalumu akawaokote anaowataka. Watu waliokiri wazi kuwa wana chuki na washtakiwa, jaji aliona wanafaa.

Hapo ndipo ninaposimama upande wake. Kwetu, ukimwambia mtu “nimekusamehe”, umeshasema amekosa. Huruma waliyoitaka wale matajiri ingewafungulia watatu mlango na kuacha hukumu ilivyo, pamoja na ya wale wanne walioko kaburini. Pengine Gary alisemwa kwa ukali uliozidi kidogo haki yake, hilo nakubali. Ila Neebe hakuwapo Haymarket usiku ule, na alipewa miaka 15. Huruma hiyo angepewa kwa kosa gani?