Hakuuawa na mbuni, mpuuzeni huyo

Kwanza huyo jamaa yangu anayewatangazia kwamba fahali wangu wa kwenye gemu kauawa na mbuni wa Mulgore, bonde la wanaoanza, mpuuzeni. Mbuni wa kule ni wa levo za watoto. Fahali wangu, mpiganaji wa kabila la Tauren, wale watu-ng'ombe, alikuwa ameshagonga levo ya 40 kwenye seva za Hardcore za gemu la World of Warcraft Classic, zile ambazo ukifa umekufa.

Na maandalizi sasa! Bendeji za hariri begi zima. Dawa za kuponya, dawa za kasi, midoli ya kuwazuga maadui ili mimi nichomoke. Mapango yenye njia moja nilikuwa nayakwepa kama mdaiwa anavyolikwepa duka la mangi. Murloki, wale watu-samaki, wakiwa wawili, naaga. Mfukoni nina dhahabu karibu 100 nilizodunduliza, maana kwenye 40 ndipo unaruhusiwa kupanda kodo, mnyama wetu wa kupanda, na muuzaji yuko kijiji cha Bloodhoof, kule bondeni. Mji wetu, Thunder Bluff, uko juu ya majabali. Kushuka ni kwa lifti.

Basi nimesimama ukingoni. Lifti inapanda, naiona kabisa. Mama mdogo anaita toka jikoni: "We, chai inapoa!" Nageuza shingo, "Nakuja mama!", huku kidole kimeshabonyeza kitufe cha kutembea chenyewe. Kurudisha macho, lifti imeshafika, imeshageuza, inashuka zake. Fahali naye anatembea. Kifua mbele, kama anaenda kupokea posa. Hatua moja ubaoni, ya pili hewani.

Jamani, ni mbali kule! Unapata na muda wa kuwaza. Nikabonyeza bendeji: haifungwi ukiwa kwenye mwendo. Nikabonyeza dawa ya kasi. Dawa ya kasi, wadau! Mtu anaporomoka, bado anataka kuwahi! (Na wewe unayecheka, tunajua ulivyokufa kwa kuzama.) Lifti yenyewe nikaipita njiani. Puu!

Roho ikabaki imesimama pale ikipokea pole za wenzangu wa chama cha mchezoni, dhahabu zikaenda na mwenyewe, chai nikainywa baridi. Nimeshaanza mwingine, orki, kwao Orgrimmar hakuna lifti. Jamaa kaniuliza swali moja tu: siku ukienda Undercity, mji wa chini ya ardhi wa kushukia kwa lifti, utaingiaje? Kule nyuma kuna mtaro wa maji machafu unaokufikisha hadi ndani. Nitapita humo humo.