Timu ya Wananchi, Uwanja wa Walipakodi

Kila mmiliki wa timu Marekani anapoiomba serikali imjengee uwanja, mashabiki hujibu vilevile: timu ziwe mali ya wananchi, kama Green Bay Packers, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji mdogo wa Green Bay, Wisconsin. Hoja ina uzito. Tatizo ni kwamba wengi wanaoitoa hawajapitia hesabu za Green Bay zenyewe.

Packers wamekuwa mali ya wanahisa wa kawaida tangu 1923, na leo wanahisa hao ni zaidi ya nusu milioni. Hakuna anayeruhusiwa kushika hisa zaidi ya 200,000. Gawio halipo, na hisa haiuzwi sokoni. Unaweza kumwachia mwanao, basi. Klabu ikiuzwa, fedha zinaingia kwenye mfuko wake wa hisani, kwa hiyo hakuna mtu atakayetajirika kwa kuihamishia mji mkubwa. Ila kinachouweka hai mpira wa kulipwa katika mji wa watu laki moja na ushei si hisa hizo. Ni utaratibu wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, wa kugawa fedha za televisheni sawa kwa sawa kati ya timu zote 32. Uondoe mgawo huo, na vyeti vya hisa vya mashabiki vitabaki mapambo ya ukutani.

Na walipakodi je? Uwanja wa Packers wa 1957 ulijengwa kwa hatifungani za mji, yaani mkopo. Mwaka 2000 wapiga kura wa kaunti ya Brown, uliko mji huo, wakakubali, kwa tofauti ndogo, kodi ya mauzo ya nusu asilimia ili kukarabati uwanja huo kwa dola milioni 295. Kumbe hata timu isiyo na tajiri ilibisha hodi hazina ya umma. Lakini kodi ile ilikuwa na kazi moja, ikakoma 2015, na thamani iliyoongezeka haikuingia mfukoni mwa mtu. Upanuzi uliofuata uligharamiwa na klabu, ukisaidiwa na hisa za dola 250 zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2011.

Kaunti ya Hamilton, Cincinnati, ilipitisha nusu asilimia hiyohiyo mwaka 1996 kwa ajili ya viwanja viwili. Wenye nyumba waliahidiwa punguzo la kodi ya majengo. Makusanyo yakawa chini ya makadirio, punguzo likamegwa. Mkataba na Bengals, timu ya NFL ya mji huo, ulikuwa balaa zaidi: kaunti ilijifunga kugharamia vifaa vipya vya uwanjani, hata mitambo ya kuonyesha marudio kwa hologramu (picha zinazoelea hewani) ambayo haikuwepo sokoni. Kule Seattle, uwanja wa Kingdome ulibomolewa 2000. Deni lake lilimalizika kulipwa 2015.

Kuna kifungu cha sheria ambacho wabishi wengi hawakijui. Riba ya hatifungani za miji haitozwi kodi ya serikali kuu, hivyo mkopo huwa nafuu. Sheria ya 1986 ilisema uwanja unaotumiwa na timu binafsi utapoteza msamaha huo iwapo zaidi ya asilimia 10 ya malipo ya deni itatokana na mapato ya uwanja wenyewe. Nia ilikuwa kuziba mwanya. Miji ikafanya kinyume: ili kubaki na msamaha ikatoza timu pango dogo, na deni likabebwa na kodi za jumla.

Wanaotetea ruzuku husema uwanja huleta ajira na biashara. Tafiti za wachumi kwa miongo kadhaa hazikuliona hilo kwa kiwango kinacholingana na gharama, kwa sababu fedha ya tiketi kwa sehemu kubwa ingetumika mjini humo humo, kwenye mgahawa au sinema. Timu ya NFL hucheza nyumbani mechi nane au tisa za ligi kwa msimu. Utetezi wenye mashiko ni mwingine: wakazi wanaweza kuamua kulipia furaha kama wanavyolipia bustani. Sawa, lakini basi waulizwe hivyo, kwa kura.

Kuinakili Green Bay, kwa bahati mbaya, hakuwezekani kirahisi. Kanuni za NFL zinataka mmiliki mkuu mwenye walau asilimia 30, Packers wamesamehewa. Mwaka 1990 Joan Kroc alitaka kuukabidhi mji wa San Diego timu yake ya besiboli, Padres. Wamiliki wenzake wakakataa. Hata mlango ukifunguliwa kuna bei: Washington Commanders, timu ya NFL, waliuzwa 2023 kwa dola bilioni 6.05. Kwa hisa za dola 300 unahitaji wanunuzi wa hisa zaidi ya milioni 20.

Kwa hiyo mji unaokaa mezani leo una silaha moja, mkataba. Buffalo ilitoa nyingi mno kwa uwanja mpya wa Bills, timu yake ya NFL, dola milioni 850 za jimbo na kaunti, lakini iliweka kikomo na kuiachia timu gharama zote za ziada. Makadirio yalianza kwenye bilioni 1.4 na kuvuka bilioni 2, na nyongeza hiyo ikaiangukia timu.